Dhabihu Ilikwisha, Kuhani Yu Hai: Jibu kwa Mwalimu wa Nyalenda

Swali: Bwana asifiwe. Mimi hufundisha kikundi cha akina mama hapa Nyalenda, Kisumu, na mwezi huu tunasoma Waebrania. Sura ya 7 inasema ukuhani wa Yesu ni wa milele. Sura ya 10 inasema alitoa dhabihu moja tu, kisha akaketi. Mama mmoja akauliza: kama kazi ya kuhani ni kutoa dhabihu, na dhabihu imekwisha kutolewa, huo ukuhani wa milele ni wa kazi gani? Nilikosa jibu. Jambo la pili, baadhi yetu tulihudhuria kesha moja tukaambiwa nyumba zetu zina laana ya ukoo, na kila nyumba ilete mbuzi dume au shilingi 7,000 ili mtumishi asimame kama kuhani na kutufanyia upatanisho. Wengine wameshaanza kuchanga. Kikundi chetu kina Wakatoliki, Waadventista, Waanglikana na Wafrenda (Quaker), na sitaki kiparaganyike. Niwafundishe nini?

Amina, Mwalimu. Nianze na la mbuzi kwa kuwa watu wanachanga leo: wasitoe. Waebrania 10:18 inasema, "Basi, ondoleo la hayo likiwapo, hapana toleo tena kwa ajili ya dhambi." Aya hiyo haiachi mlango wazi kwa mbuzi wala kwa bei ya mbuzi. Sababu yake imo ndani ya jibu la yule mama aliyeuliza, kwa hiyo twende polepole.

Kwanza tuyatengeneze maneno, maana Kiswahili chetu kinachangia kututatiza. Tunasema "sadaka" kwa noti inayotiwa kikapuni Jumapili, na tunasema "sadaka ya dhambi" kwa mnyama wa Mambo ya Walawi. Neno ni moja, lakini mambo ni mawili yaliyo mbali kabisa. Ya kikapuni ni shukrani na matunzo ya kazi ya kanisa; haimwondolei mtu dhambi hata moja. Anayesimama jukwaani akilitelezesha neno hilo kutoka maana moja hadi nyingine anaweza kukusanya pesa nyingi bila msikilizaji kugundua palipogeuzwa. Liko pia "kafara", ambalo mitaani sasa limechafuka, likisikika mtu hufikiria watu waliouawa gizani kwa ajili ya utajiri. Lakini asili yake ni Kiarabu, na shina lake ni lile lile la Kiebrania linalotafsiriwa "kufanya upatanisho" katika Walawi. Kwa kikundi chako ningetumia "dhabihu" kwa mnyama na kwa msalaba, na "sadaka" niibakishie kikapu. Darasa zima litatulia kwa hilo peke yake.

Sasa swali la yule mama. Limejengwa juu ya jambo ambalo karibu kila mtu huliamini: kwamba kazi ya kuhani ni kuchinja. Fungua Walawi 4:27 na kuendelea, usome taratibu. Mtu wa kawaida aliyekosa bila kukusudia analeta mbuzi jike asiye na kilema. Anaweka mkono wake juu ya kichwa cha mnyama. Kisha anamchinja yeye mwenyewe, huyo mkosaji. Kisu hakimo mkononi mwa kuhani. Kuhani anaingia baada ya hapo: anachukua damu kwa kidole, anaipaka kwenye pembe za madhabahu, inayosalia anaimwaga chini ya madhabahu, mafuta anayateketeza. Hapo ndipo Maandiko yanasema kuhani atamfanyia upatanisho, naye atasamehewa. Kwa hiyo kifo cha mnyama ni mwanzo wa shughuli. Ukuhani wenyewe ni kuchukua kile kilichopatikana kwa kifo hicho na kukifikisha mbele za Mungu kwa niaba ya aliyekosa.

Akina mama watakuuliza kuhusu maskini. Walawi 5 inajibu: asiyeweza kupata mwana-kondoo alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na asiyeweza hata hao alete sehemu ya kumi ya efa (kipimo cha nafaka) ya unga, bila mafuta na bila ubani. Ndiyo maana Waebrania 9:22 husema kwamba katika Torati "karibu" vitu vyote husafishwa kwa damu. Neno "karibu" limewekwa pale kwa uangalifu. Hata katika Agano la Kale hakuna aliyerudishwa nyumbani na dhambi yake kwa kukosa bei ya mbuzi.

Siku ya Upatanisho, tarehe 10 ya mwezi wa saba, ndiyo picha ambayo Waebrania 9 inaitegemea. Someni Walawi 16 yote, msiirukie. Sura inaanza kwa kutaja kifo cha wana wawili wa Haruni waliokaribia mbele za Bwana isivyotakiwa, na ndipo amri inatolewa: Haruni asiingie kila wakati anaotaka. Siku hiyo anaoga, anavaa kitani kitupu: kanzu, suruali, mshipi, kilemba. Anachinja ng'ombe dume kwa ajili yake na nyumba yake, kwa sababu naye ni mkosaji. Anachukua chetezo cha makaa na konzi mbili za uvumba uliosagwa laini, anaingia nyuma ya pazia, na moshi unakifunika kiti cha rehema asije akafa. Ananyunyiza damu kwa kidole mara saba. Kisha mbuzi wa watu, damu yake vivyo hivyo. Akitoka anaweka mikono yote miwili juu ya kichwa cha mbuzi wa pili aliye hai, anaungama dhambi za Israeli juu yake, na mbuzi huyo anapelekwa jangwani na mtu aliyewekwa tayari. Miili ya ng'ombe na mbuzi wa dhambi inachomwa nje ya kambi, hakuna anayeila. Mwandishi wa Waebrania anaishika hata hiyo katika 13:11-12: Yesu naye aliteswa nje ya lango.

Hapo kuna mambo mawili ya kusahihisha. La kwanza ni hilo jina "kiti cha rehema". Si kiti cha mtu kukalia. Kiebrania kinataja kifuniko cha sanduku la agano, dhahabu safi, urefu dhiraa mbili na nusu, upana dhiraa moja na nusu, na jina lake linatoka kwenye lile shina la upatanisho. Katika hema yote, ile ambamo Israeli waliabudu jangwani, hamkuwa na kiti cha kuhani. Mlikuwa na meza, kinara, madhabahu, birika, lakini kiti hapana. Weka hilo akilini, tutalirudia. La pili ni ile hadithi kwamba kuhani mkuu alifungwa kamba mguuni ili akifa avutwe nje, na watu walisikiliza njuga za vazi lake kujua kama yu hai. Inahubiriwa sana kwetu, lakini haimo katika Torati wala katika Mishna ya Wayahudi, ambayo inaeleza siku hiyo hatua kwa hatua; imetokea katika maandishi ya zama za kati. Tena njuga zilikuwa kwenye joho la buluu la kila siku, na Walawi 16:4 inamwingiza akiwa na kitani tu. Iache. Sura yenyewe inatisha vya kutosha.

Ukitaka wasishike maneno matupu, wapimie hema uwanjani. Chukua dhiraa kuwa nusu mita kasoro kidogo, sentimita 45. Ua ni dhiraa 100 kwa 50, yaani kama mita 45 kwa 22 na nusu. Hema ni dhiraa 30 kwa 10, na Patakatifu pa Patakatifu, chumba kile cha nyuma ya pazia, ni dhiraa 10 kila upande, mita nne na nusu, futi 15 hivi. Chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, wanachokijua akina mama wengi wa Nyalenda, kinaingia humo na nafasi inabaki. Kutoka langoni hadi pazia la ndani ni mwendo wa dakika moja, na taifa zima halikuruhusiwa kuumaliza mwendo huo. Kwa mwaka mzima aliumaliza mtu mmoja, siku moja.

Na mtu huyo alikuwa anakufa. Hili ndilo tatizo ambalo Waebrania 7 inalishughulikia, na hapa usiharakishe. Soma Hesabu 20:28. Musa anampandisha Haruni juu ya mlima Hori, anamvua yale mavazi na kumvika Eleazari mwanawe, na Haruni anafia huko juu. Mavazi ni yale yale, lakini aliye ndani yake amebadilika. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anahesabu makuhani wakuu 83 tangu Haruni hadi Warumi walipoliteketeza hekalu mwaka wa 70, na kati yao 28 ni wa kuanzia siku za Herode. Kila mmoja alijifunza watu wake, akawaombea, kisha akaondoka. Kifo cha kuhani mkuu kiligusa hata sheria: aliyeua bila kukusudia alikaa katika mji wa makimbilio mpaka kuhani mkuu afe, ndipo arudi kwao. Basi mwandishi anaposema wale walikuwa makuhani wengi "kwa sababu wazuiwa na mauti wasikae," anataja jambo lililohesabika. Halafu anaweka lake: "bali yeye, kwa kuwa akaa milele, anao ukuhani wake usioondoka." Umilele hapo umeandikwa juu ya mtu. Juu ya dhabihu ameandika "mara moja". Ukiyatenganisha hayo mawili, swali la yule mama limejibika nusu.

Lakini Yesu alikuwa wa kabila la Yuda. Watu wa huku magharibi hawahitaji kuelezwa ukoo ni nini. Mtu hawezi kuamka asubuhi akahamia ukoo mwingine. Ukuhani ulikuwa wa Lawi, na mfalme Uzia wa Yuda alipoingia hekaluni kufukiza uvumba alitoka na ukoma (2 Mambo ya Nyakati 26). Waebrania 8:4 inakiri wazi kwamba kama Yesu angekuwa duniani asingekuwa kuhani. Ndiyo maana Melkizedeki anahitajika. Mwanzo 14 inamleta kwa aya tatu tu: mfalme wa Salemu, kuhani wa Mungu Aliye Juu, anatoa mkate na divai, anambariki Abramu, Abramu anampa sehemu ya kumi ya nyara. Kisha anatoweka. Zaburi 110:4 inamrudisha: "Bwana ameapa, wala hataghairi, ndiwe kuhani hata milele, kwa mfano wa Melkizedeki."

Waebrania 7:3, "hana baba, hana mama", huwapeleka wengi kusema Melkizedeki alikuwa Yesu mwenyewe. Maandishi hayasemi hivyo. Yanasema "amefananishwa na Mwana wa Mungu", na kitu hakifananishwi na chenyewe. Maana yake ni ya orodha. Kitabu cha Mwanzo hutaja nani alizaa nani karibu kwa kila mtu wa maana, na ukuhani wa Lawi ulisimama juu ya orodha hizo. Baada ya uhamisho, makuhani ambao majina yao hayakuonekana katika orodha ya nasaba waliondolewa kazini (Ezra 2:62). Huyu hana orodha, na bado ni kuhani, na Lawi akiwa bado viunoni mwa Abrahamu alimpa fungu la kumi. Kwa hiyo upo ukuhani mkubwa kuliko wa nasaba. Sura hii hutumiwa mara nyingi kudai fungu la kumi. Hilo si shabaha yake. Shabaha iko katika 7:16, kuhani aliyewekwa "kwa nguvu za uzima usio na ukomo".

Basi anafanya nini sasa? Kuhani wa Torati alikuwa na kazi nyingi mbali na damu: kufundisha sheria, kuwasha taa, kufukiza uvumba, kukagua wenye ukoma na kutangaza nani ni safi, kuwabariki watu kwa jina la Bwana. Na alibeba majina. Kutoka 28 inaagiza mawe mawili ya shohamu mabegani, majina sita kila jiwe, na mawe 12 kifuani, ili aingie akiwa na makabila yote juu ya moyo wake. Hiyo ndiyo kazi inayoendelea. Waebrania 7:25 inasema aweza kuwaokoa kabisa wao wamjiao Mungu kwa yeye, "maana yu hai sikuzote ili awaombee." Asidhani mtu kwamba Mwana anamsihi Baba asiyependa kusikia, aliyeapa kumfanya kuhani ni Baba mwenyewe. Kuomba kwake ni kuwapo kwake kule, na mwili ule ule uliosulubiwa na kufufuliwa, akiwa na majina yetu. Anatujua pia, kwa kuwa alijaribiwa sawasawa na sisi (4:15). Mtoto wa mmoja wenu akilazwa usiku na mama akaomba, ombi lile lina wa kulibeba, naye hayuko mbali kusubiri kuitwa na mtumishi. Sehemu iliyobaki ni 9:28. Watu wa Israeli walisubiri nje mpaka kuhani atoke. Nasi tunasubiri atokee mara ya pili.

Kuhusu madhehebu, ni kweli yatatofautiana, na ni afadhali uyataje kwa haki kuliko kuyaficha. Wakatoliki watakuambia kuwa Misa si dhabihu nyingine. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka wa 1562 ulifundisha kwamba ni Kristo yule yule anayetolewa, kuhani yule yule, njia ya kutoa tu ndiyo tofauti, bila kumwaga damu. Waanglikana, katika Kanuni zao 39, kanuni ya 31, wanakaza kwamba toleo la Kristo lililofanywa mara moja linatosha kwa dhambi zote, na wengi wao wanaikataa lugha ya dhabihu juu ya altare. Waadventista, walio wengi kuanzia Gendia hadi nyanda za Kisii, wanafundisha huduma ya Kristo katika patakatifu pa mbinguni, na awamu yake ya pili kuanzia mwaka wa 1844. Lakini hawasemi kwamba dhabihu inarudiwa. Wafrenda, tangu walipofika Kaimosi mwaka wa 1902, hawana makuhani wa kuwekewa mikono wala mkate na kikombe. Tofauti hizo ni nzito, nami sizipunguzi. Hata hivyo hakuna hata mmoja kati ya hao wanne anayekubali kwamba msalaba ulipungukiwa na mbuzi mmoja wa Kisumu. Juu ya hilo unaweza kufundisha bila kumgawanya mtu.

Sasa turudi kwa waliochanga. Usiwaaibishe, wamebeba hofu ya kweli, pengine wamezika watoto, pengine ndoa zimevunjika nyumba baada ya nyumba, na mtu amewapa maelezo. Kaa nao na Biblia. Soma Ezekieli 18:20, kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Soma Wagalatia 3:13, kwamba Kristo alitukomboa katika laana ya torati alipofanywa laana kwa ajili yetu. Kisha waulize wenyewe maswali ya Walawi: huyo anayejiita kuhani ni wa ukoo gani wa Haruni? Madhabahu yake iko wapi? Hekalu lilianguka mwaka wa 70, na tangu hapo hata Wayahudi wanaishika Siku ya Upatanisho kwa kufunga na kuomba, bila mbuzi. Akisema yeye ni wa mfano wa Melkizedeki, nafasi hiyo ina mtu mmoja, naye hajafa ili arithiwe. Petro anawaita waamini wote "ukuhani mtakatifu" (1 Petro 2:5), akina mama wa Nyalenda wamo, na dhabihu zilizobakia kwao zimetajwa katika Waebrania 13:15-16: sifa, kutenda mema, na kushirikiana. Hizo 7,000 zinaweza kumlipia karo mtoto wa jirani, na hiyo itakuwa sadaka kamili, bila kuitwa upatanisho.

Pesa zilizokwisha kukusanywa na ambazo bado mnazo, mwekahazina azirudishe kwa kila mtu kwa jina, mbele ya kikundi, na daftari liandikwe. Zilizokwisha kupelekwa, waende wawili watatu pamoja wakaziombe kwa adabu. Mtu asiende peke yake.

Masomo yagawe mara tatu. Siku ya kwanza Walawi 4 na 16, pamoja na kupima hema kwa kamba. Siku ya pili Mwanzo 14, Zaburi 110 na Waebrania 7. Siku ya tatu Waebrania 9 na 10. Mtu akiuliza kuhusu 10:26, dhambi ya kusudi, mwonyeshe kwamba mwandishi anaonya anayeikataa dhabihu hii na kutafuta nyingine, wala hamfukuzi aliyeanguka na kurudi akilia.

Ukifika 10:11-12, waambie wote wasimame kabla hujasoma. Waeleze kwamba kwa mujibu wa Hesabu 28 wana-kondoo wawili walitolewa kila siku, mmoja asubuhi, mmoja jioni, zaidi ya 700 kwa mwaka bila kuhesabu sikukuu, na kwamba hema halikuwa na kiti. Soma polepole, "Na kila kuhani husimama kila siku akifanya ibada," uwaache wakiwa wamesimama mpaka miguu ianze kuchoka. Kisha soma aya ya 12, na ukifika kwenye neno "aliketi", waambie waketi.